Bustani juu ya paa: tuanze na maji, tumalizie na maua

Kwa miaka kadhaa sasa mazungumzo juu ya majumba ya ghorofa ya fahari yamekuwa yakiongezeka katika Visiwa vyetu. Huko Fumba, Unguja, mji mpya mzima umekuwa ukijengwa kwa ajili ya watu wenye uwezo wa kununua fleti, na mwaka 2022 ilitangazwa azma ya kusimamisha hapo jengo la ghorofa 28, kwa sehemu kubwa la mbao, liitwalo Burj Zanzibar, likisifiwa kuwa ni kijiji cha kijani kinachosimama wima. Katika michoro ya majengo ya namna hiyo utaona jambo moja linalorudiwa: juu kabisa, pale ambapo zamani palikaa tangi la maji na nguo za kuanikwa, sasa pana majani, miti midogo, viti vya kujinyoosha, vivuli, na mara nyingine bwawa la kuogelea. Paa limekuwa bustani.

Hapana shaka mazungumzo haya hayataishia Unguja. Kisiwa cha Pemba kimetengewa eneo huru la uwekezaji huko Micheweni tangu miaka ya 1990, na kila mwenye macho anaona kuwa siku si nyingi michoro ya aina hiyo itawekwa juu ya meza za maofisa wetu wa Chake Chake, Wete na Mkoani, ikiomba mhuri. Kwa hiyo inafaa tulizungumze jambo hili mapema, kabla ya zege kumwagwa, kwani baada ya hapo mazungumzo huwa ni ya lawama tu.

Makala haya hayana nia ya kuipinga bustani ya juu ya paa. Wapo watakaosema kwamba katika kisiwa ambacho Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, chenye vilima, mabonde, mikarafuu na msitu wa Ngezi, kupandisha udongo ghorofani ni mchezo wa matajiri. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini haizingatii hesabu. Katika sensa ya mwaka 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilifikia 543,441. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka 10 tu wameongezeka watu zaidi ya 136,000 juu ya ardhi ile ile, ambayo haizidi sana kilomita za mraba 980. Kila nyumba ya chini inayojengwa pembezoni mwa mji inakula shamba. Leo inakula mihogo, kesho inakula mkarafuu uliopandwa na babu. Kujenga kwenda juu, badala ya kutawanyika, ni njia mojawapo ya kuliokoa shamba. Na mtu anayepandishwa ghorofa ya tano hana budi kurudishiwa kwa njia nyingine ua aliounyang'anywa chini. Kwa maana hiyo paa linaloweza kukaliwa linaweza kuwa haki ya mkaazi, wala si lazima liwe anasa.

Swali basi si kama bustani ya juu ya paa ni halali au haramu. Maswali ni manne, na ni mepesi kuyataja: Nani ameupima uzito wake? Maji yake yatatoka wapi, na yatakwenda wapi? Nani atalipia matengenezo baada ya miaka 20? Na la mwisho, kwa nini iwe ya tajiri peke yake?

Tuanze na uzito. Wahenga wetu wa pwani hawakuwa wageni wa paa bapa. Nyumba zao za mawe zilifunikwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa iliyopigwa siku nyingi mpaka ikawa ngumu. Na kwa sababu boriti ya mkoko inayofaa kubeba mzigo huo kwa kawaida haivuki mita tatu, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa virefu lakini vyembamba. Fundi hakupanua chumba kwa matamanio ya mwenye nyumba; alikipanua kwa kadiri boriti ilivyoruhusu. Hiyo ilikuwa ni nidhamu ya ujenzi, na ilizisimamisha nyumba hizo kwa vizazi.

Zege la nondo limetuondolea mpaka ule wa boriti, lakini halikutuondolea uzito. Meta moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa karibu tani 1.8. Ukiutandaza udongo huo kwa kina cha sentimita 30, ambacho ni kina cha kupandia vichaka vya kawaida tu, kila mita ya mraba ya paa inabeba zaidi ya kilo 500 kabla mtu hajakanyaga. Sasa linganisha: sakafu ya chumba cha kulala kwa desturi husanifiwa kubeba watu na samani kwa kiasi cha kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na paa lisilokusudiwa kukaliwa na watu husanifiwa kwa chini ya nusu ya hiyo. Bustani ya mita za mraba 400 yenye kina hicho cha udongo ina uzito wa tani 216, karibu sawa na malori 22 ya tani 10 yaliyoegeshwa juu ya vichwa vya watu waliolala. Bwawa la kuogelea lenye kina cha mita 1.2 ni zaidi ya mara mbili ya hapo kwa kila mita ya mraba, kwani maji hayana huruma: mita moja ya ujazo ni tani moja. Na ikiwa juu ya paa hilo patafanyika harusi, mhandisi mwaminifu ataongeza kilo 400 au 500 kwa ajili ya umati unaocheza.

Yote hayo yanawezekana. Elimu ya uhandisi inayo njia ya kuyabeba, na ipo pia njia ya kutumia udongo mwepesi wenye mchanganyiko wa kokoto za majivu ya volkeno au vifuu vya nazi, kwa kina kidogo na mimea isiyo na mizizi mirefu. Lisilowezekana ni kuibuni bustani baada ya jengo kukwisha. Na hapa ndipo hatari yetu ilipo. Tabia ya kuongeza ghorofa juu ya ghorofa, au kuhamisha matumizi ya jengo bila ya kumrudia mhandisi, imekwisha tugharimu roho za watu. Tarehe 29 Machi, 1973 haikuwa siku hiyo. Ilikuwa ni tarehe 29 Machi, 2013, yaani katika zama hizi zetu za kompyuta na vyuo vikuu, ambapo jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuangamiza tena wafanyabiashara na wapita njia. Na hapa Zanzibar, tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Sababu za misiba hiyo si moja, lakini funzo ni moja: jengo halisamehe hesabu iliyorukwa.

Msiba unaofanana zaidi na mada yetu ulitokea mbali. Tarehe 24 Juni, 2021, katika mji wa Surfside huko Florida, Marekani, jengo la fleti la ghorofa 12 lililosimama ufukweni tangu mwaka 1981 lilianguka usiku na kuua watu 98. Wataalamu wa Serikali ya Marekani waliochunguza walielekeza macho yao kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea, iliyokuwa juu ya maegesho ya magari. Walieleza kwamba sakafu ile tangu mwanzo haikusanifiwa kwa nguvu iliyotakiwa na kanuni, na kwamba juu yake viliongezwa vitalu vizito vya mimea ambavyo havikuwamo katika mchoro wa kwanza. Aidha, miaka mitatu kabla, mwaka 2018, mhandisi alikwisha andika kuwa tabaka la kuzuia maji limekufa, na kwamba sakafu ilijengwa tambarare bila ya mwinamo wa kuyatoa maji. Wenye fleti walikuwa wangali katika mabishano na michango ya matengenezo wakati nyumba yao ilipoanguka. Hao walikuwa ni watu wenye fedha, katika nchi yenye wahandisi tele. Walikosa nini? Walikosa uamuzi wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Hilo linatuleta kwenye swali la pili, yaani maji. Mtu wa kawaida hudhani kwamba adui wa bustani ya juu ya paa ni jua. La hasha, adui wake ni maji. Pemba ni kisiwa cha mvua nyingi kuliko sehemu kubwa za pwani yetu. Masika yakishuka, mvua ya milimita 100 kwa siku moja si jambo lisilowahi kuonekana. Juu ya paa la mita za mraba 400 mvua hiyo ni lita 40,000, yaani tani 40. Ikiwa matundu ya kutolea maji yamezibwa na majani ya hiyo hiyo bustani, tani hizo zitakaa juu zikitafuta njia. Na maji hayakosi njia. Yatapita kwenye ufa mwembamba kama unywele, yataifikia nondo, nayo nondo itashika kutu. Kutu huvimba, ikivimba hupasua zege kutoka ndani, na ufa ukipanuka huyaita maji mengine. Katika kisiwa ambacho upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili huja na chumvi ya bahari, kazi hiyo ya kutu huenda haraka zaidi. Na ikiwa mchanga uliotumika kuchanganyia zege ulichotwa pwani bila ya kuoshwa, basi adui alikwisha kaa ndani tangu siku ya kwanza.

Huko Elliot Lake, Kanada, yalikuwapo maduka ambayo paa lake lilifanywa maegesho ya magari. Paa lile lilivuja tangu lilipofunguliwa karibu na mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 30 wenye mali walikuwa wakitega ndoo badala ya kulitengeneza. Tarehe 23 Juni, 2012 chuma kilicholiwa na kutu kilikatika, paa likashuka na watu wawili wakafa. Ndoo ya kukingia mvujo ni kitu cha rahisi sana, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini ndoo haikomeshi kutu.

Kwa hiyo bustani njema ya juu ya paa hujengwa kwa tabaka, na kila tabaka lina kazi yake. Kwanza huja zege lenye mwinamo usiopungua sentimita moja na nusu au mbili kwa kila mita, ukielekea kwenye matundu. Hufuata tabaka la kuzuia maji, lililopandishwa mpaka juu ya kingo za ukuta, kisha tabaka la kuzuia mizizi, kwani mzizi ni patasi isiyochoka. Halafu kokoto za kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe kokoto, na mwishowe udongo na mimea. Kabla ya udongo kuletwa, matundu huzibwa, paa likajazwa maji kwa kina cha sentimita tano hivi, likaachwa siku mbili, na fundi akakaa chini akitazama dari. Jaribio hilo halihitaji mtambo kutoka ng'ambo. Linahitaji mpira wa maji, subira, na ofisa asiyekubali kutia saini kabla ya siku mbili kwisha.

Kisha lipo suala la maji ya kunyweshea. Majani ya kuzulia yale yanayoonekana katika michoro ya kigeni hunywa, katika kiangazi chetu, karibu lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Uwanja wa majani wa mita za mraba 300 utahitaji lita 1,500 kila siku, yaani ndoo 75 za lita 20. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mama akisubiri zamu ya maji na ndoo mbili tupu hawezi kulitazama jambo hili kama ni la mapambo tu. Haielekei kuwa haki mfereji wa umma ukate kiu ya majani ghorofani wakati mtaa uliopo chini yake ungali unapanga ndoo.

Lakini hapa paa lenyewe linatupatia jawabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hata tukihesabu kwa uchache kwamba mvua ya mwaka ni milimita 1,500, paa la mita za mraba 500 linapokea lita 750,000 kwa mwaka. Sehemu yake itanywewa na udongo na sehemu itapotea kwa jua. Inayobaki ikielekezwa kwenye birika la chini, ingenywesha bustani na kusafishia vyoo bila ya kugusa tone la mfereji. Sharti liwe hili: asiye na birika asipewe kibali cha bustani. Na mimea nayo ichaguliwe kwa akili. Kisiwa kinachojulikana kwa asumini, mrehani, kilua na mchaichai hakina haja ya kuagiza majani ya viwanja vya gofu. Mrehani hukua vizuri katika udongo mdogo, hunusa vizuri kuliko majani hayo, na akina mama wanajua bei yake.

Swali la tatu ni la matengenezo, na katika hili tuna historia yetu wenyewe ya kujifunzia. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, Serikali chini ya Mzee Abeid Amani Karume iliamua kwamba mkulima na mfanyakazi aliyelala kwa vizazi katika nyumba ya udongo na makuti naye aonje nyumba ya saruji, yenye umeme na maji. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki ya wakati huo yakasimamishwa majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kule Unguja. Na Pemba nayo haikusahauliwa, zikajengwa nyumba za maendeleo katika miji yake ya Wete, Chake Chake na Mkoani. Watu wengi wameyacheka majumba hayo kwa sura yake, lakini wanaocheka wengi wao hawakuzaliwa katika kibanda kinachovuja. Ule ulikuwa ni uamuzi wa heshima, na walimu na watumishi wengi wa Serikali wanaosoma makala haya wamelelewa ndani ya kuta hizo.

Hata hivyo heshima ya nia haipaki rangi wala haitengenezi pampu. Nyumba zile ziligawiwa kwa wananchi, lakini matengenezo hayakwenda sambamba na umri wa majengo. Maji yalipokosa nguvu ya kupanda, wakaazi wa ghorofa za juu walibeba ndoo kwa ngazi. Kila mtu alilinda mlango wake, na paa, ngazi na mabomba, kwa kuwa ni vya wote, vikawa si vya mtu. Nyumba njema si mlango. Na jengo la ghorofa ni paa, ngazi na mabomba kabla ya kuwa milango.

Sasa Zanzibar imekwisha kuwa na Sheria Namba 10 ya mwaka 2010 inayohusu nyumba za kondominio, yaani nyumba ambazo mtu humiliki fleti yake ndani ya jengo la watu wengi. Msingi wa umiliki wa namna hiyo ni kwamba fleti ni ya mtu mmoja, lakini paa, ngazi, msingi na uwanja ni vya wote kwa pamoja, na wote hao huchangia gharama zake. Kwa hakika huo ni ujamaa mdogo ndani ya nyumba ya mabepari: tajiri wa ghorofa ya saba hawezi kulitengeneza paa lake peke yake, hana budi kushauriana na jirani. Lakini mchango usiokusanywa tangu siku ya kwanza hauji kukusanyika siku ya msiba, kama Surfside ilivyoonyesha. Kwa hiyo mfuko wa paa ufunguliwe kabla ya ufunguo wa kwanza kutolewa. Mwenye kujenga aweke fungu la kuanzia. Na hesabu yake ibandikwe mahali ambapo kila mkaazi anapita. Tena mnunuzi aambiwe wazi kwamba tabaka la kuzuia maji si la milele, na kwamba siku itafika ambapo udongo wote utalazimika kuondolewa ili libadilishwe. Asiyeambiwa hilo ameuziwa maua, hakuuziwa paa.

Baadhi ya watu watasema: masharti yote haya yatamkimbiza mwekezaji, naye Pemba inamhitaji. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ni kweli kisiwa hiki kimechelewa kupata mitaji, na vijana wake wengi wamevuka bahari kutafuta kazi. Lakini tumwulize mwekezaji mwenyewe anauza nini. Anauza fleti kwa watu watakaozikalia kwa miaka mingi, wakiwamo ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na London wanaotaka kurudi kupumzika nyumbani. Mtu wa namna hiyo hununua utulivu. Kibali kilichoulizwa maswali magumu ni sifa ya bidhaa yake sokoni. Na gharama ya kupima uzito, kujaribu paa kwa maji na kuchimba birika ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuvunja bustani ili kutafuta tundu lisiloonekana. Atakayekimbia kwa kuulizwa hesabu ya nondo, tumwache akimbie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si mwenyeji aangukiwe.

Limebaki swali la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Tumezoea kuona kwamba kitu kizuri cha ujenzi ni cha matajiri, na kwamba nyumba za wafanyakazi zikishakuwa na kuta nne na bati zimetosha. Mazoea hayo si sheria ya maumbile. Mjini Marseille, Ufaransa, lilikamilishwa mwaka 1952 jengo kubwa lililobuniwa na Le Corbusier kwa ajili ya kuwapatia makaazi watu baada ya maangamizi ya vita. Na juu ya paa lake hakuweka baa ya mabwana, aliweka skuli ya watoto wadogo, kidimbwi chao cha kuchezea maji, na njia ya kukimbilia mazoezi. Huko Singapore, mwaka 2009, shirika la nyumba la Serikali lilikamilisha majengo saba ya ghorofa 50 yenye fleti 1,848 za wananchi wa kawaida, yakiunganishwa kwa bustani katika ghorofa ya 26 na juu kabisa ya paa. Bustani hizo si za wageni wa hoteli. Ni za wakaazi wa nyumba za umma, na za juu huruhusiwa hata mpita njia kwa kiingilio. Singapore, nayo ni kisiwa. Nayo haina ardhi ya kuchezea.

Ikiwa hilo limewezekana huko kwa ghorofa 50, sisi tunashindwaje kwa ghorofa tatu au nne? Nyumba za walimu, za wauguzi na za watumishi wengine zitakapojengwa katika miji ya Pemba, paa lake lisiachwe kuwa jangwa la saruji linalopikia vyumba vya chini kwa joto la mchana. Litengenezwe kwa hesabu ile ile: ukingo usiopungua mita 1.1 ili mtoto asianguke, kivuli cha makuti au cha mimea itambaayo, baraza ya kukalia jioni, taa ya kusomea, kamba za nguo, sehemu ya kuanikia, vyungu vya mboga na mrehani, na birika la mvua. Hayo hayahitaji bwawa la kuogelea wala tani 216 za udongo. Vyungu na makuti ni vyepesi. Na paa lenye kivuli hupunguza joto la chumba cha chini yake bila ya kulipia umeme. Mwalimu anayesahihisha madaftari 60 juu ya paa lenye upepo wa bahari atafanya kazi yake vizuri kuliko yule anayeyasahihisha katika chumba kama tanuri.

Kwa hiyo wajibu wetu umegawanyika, na kila mmoja ana sehemu yake. Watumishi walio na dhamana ya vibali wasikubali mchoro wa bustani usiofuatana na hesabu ya uzito iliyotiwa saini na mhandisi mwenye jina. Wadai birika, wadai jaribio la maji la siku mbili mbele ya macho yao, na wadai mfuko wa matengenezo. Tena wakague paa baada ya watu kuhamia, kwani vitalu vya mimea huongezwa polepole, kimoja kimoja, kama mtoto anavyoongeza kuni kichwani mwa mwenzake. Walimu nao wanalo somo tayari kwa darasa la hesabu na la sayansi: wapeni wanafunzi urefu na upana wa paa la skuli, na kiasi cha mvua ya masika, wajue ni ndoo ngapi zinazomwagika bure kila mwaka mbele ya macho yao. Kijana atakayeifanya hesabu hiyo leo ndiye ofisa atakayekataa mchoro mbovu baada ya miaka 15.

Na Chama, ambacho msingi wake ni wakulima na wafanyakazi, kina haki ya kuuliza juu ya kila jengo linalosimama katika ardhi ya Zanzibar, ambayo kwa sheria ni mali ya umma: je, limemwongezea au limempunguzia jirani yake? Jengo lenye bustani juu, linalokinga mvua yake wenyewe, lisilovuta mfereji wa mtaa, lililoajiri vijana wa Pemba kulihudumia na kuwafunza kazi ya kuzuia maji na ya upandaji, limemwongezea. Jengo linalopandisha maji ya umma ili kustawisha majani, na kushusha nyufa kwa wanaolala chini, limempunguzia, hata likipigwa picha nzuri kiasi gani. Tofauti ya majengo hayo mawili haionekani katika picha. Inaonekana katika karatasi za hesabu, na karatasi hizo hupita mezani kwetu kabla ya kitu kingine chochote. Tuzisome.